Macho Mawili Yasiyo na Shahidi

Hotuba mbele ya walimu wastaafu, Tanga

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee mliotutangulia, na ninyi vijana mliotuleta kwa bajaji mkaamua kubaki kwa ajili ya pilau: wanaostahili shikamoo, shikamooni; waliobaki, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie fasihi. Nikamwambia sawa. "Mada gani, Mwalimu?" Nikasema, mtoto wa jicho. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha, kisha akasema, "Hiyo si kazi ya daktari?" Ni kazi ya daktari kweli. Mimi nimefundisha Kiswahili na historia miaka 34, nikastaafu, nikawa mgonjwa. Nilichonacho ni macho mawili yaliyopasuliwa, na ile tabia yetu ya kusoma hadithi ya mtu huku kalamu nyekundu iko mkononi. Leo kalamu hiyo naielekeza kwa watunzi.

Ugomvi wangu nao ni huu. Katika hadithi zetu, na zaidi katika filamu, upofu huingia kama mwizi. Mtu alikuwa anaona, ghafla haoni, anapapasa ukuta, anapiga ukelele, muziki unapanda. Mimi sikupiga ukelele. Mimi sikujua. Jicho moja likiharibika, lile zima hulitolea ushahidi: unaziba hili, unaziba lile, unasema kumbe huku kuna kasoro. Lakini yakichakaa yote mawili, tena kwa mwendo mmoja, nani atasema? Kila moja linamuunga mkono mwenzake. Ni kesi ambayo mashahidi wote wawili wamekaa kitako usiku wakapatana cha kusema.

Basi ukikosa shahidi unatafuta mshitakiwa. Taa za pikipiki zilipoanza kuota miiba usiku, nililaumu vijana kwa kufunga taa kali. Maandishi ya gazeti yalipofifia, nililaumu wino. Sebuleni nilibadilisha balbu mara tatu. Na kanzu zangu za Ijumaa zilipogeuka rangi, nilimlaumu mtu ambaye nitamtaja baadaye, kwa kuwa yupo hapa, amekaa mstari wa pili, na ananitazama.

Tena kulikuwa na kipindi cha udanganyifu mtamu. Kwa miezi kadhaa niliweza kusoma bila miwani! Nilijisifu msikitini kwamba Mungu amenirudishia macho ya ujana. Daktari alipokuja kunieleza nilicheka kwa aibu: lenzi ikianza kukakamaa katikati huongeza nguvu yake, ukawa unaona karibu vizuri na mbali vibaya. Kile nilichokiita ujana ndicho kilikuwa ugonjwa wenyewe, umefika nusu ya safari.

Niseme kidogo ni kitu gani, kisha niachane na udaktari. Nyuma ya mboni kuna lenzi, umbo lake kama punje ya adesi ila kubwa zaidi. Imeundwa kwa maji na protini zilizopangika kwa ustadi mpaka mwanga unapita kama hakuna kitu. Sasa mkumbuke ute wa yai kwenye kikaango. Ulikuwa unaona chini ya kikaango, mara umekuwa mweupe, na hakuna binadamu atakayeurudisha ulivyokuwa. Lenzi nayo hufanya hivyo, isipokuwa polepole, kwa miaka. Uzee ndio sababu kubwa. Kisukari, jeraha la jicho, sigara, jua na matumizi marefu ya dawa za jamii ya steroidi huharakisha. Hakuna dawa ya matone inayoyeyusha, na zile za majani, asali au maziwa ya mama anayenyonyesha huweza kudhuru kioo cha mbele cha jicho, mtu akaenda kutibiwa kimoja akarudi na viwili. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 94 ambao uoni wao umedhoofika sana au wamekuwa vipofu kwa sababu hii, na dawa yake ni upasuaji wa dakika zisizozidi muda wa kuchemsha maharage machanga.

Na jina lake je? Kiswahili kina watoto wengi wasio na mama. Mtoto wa meza ni droo. Mtoto wa jicho, ambaye wengine humwita chamba, ni huyu mgeni anayezaliwa mzazi akiwa ameshazeeka. Wahenga walisema macho hayana pazia. Hapa walipitiwa.

Sasa kosa la kwanza la watunzi: giza. Mwigizaji akipewa nafasi ya kipofu hufumba macho au hukodoa gizani. Mwenye mtoto wa jicho haishi gizani. Anaishi ndani ya ukungu wa Lushoto saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ambao haupandi. Usiku na mchana anavijua. Mtu akipita mbele ya dirisha anajua mtu amepita. Ni nani, hajui. Kwenye jua la saa saba haoni kabisa kwa kuwa mboni imejifinya na mwanga wote unapita katikati, penye doa. Jioni anaona nafuu. Mtunzi akiyajua haya tu, ana riwaya nzima: mzee anayemtambua mwanawe jioni na kumkana adhuhuri.

Kosa la pili ni kubwa na limemwaga damu, kwa hiyo nitalisema bila mzaha. Filamu zetu zikitaka mchawi, humvisha bibi kizee lenzi nyeupe machoni. Mtoto anayeangalia anajifunza kwamba jicho lililobadilika rangi limebeba siri. Na sisi katika nchi hii tunajua mafunzo hayo yalikotufikisha. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, miaka hamsini ya kupikia watu haohao. Mtunzi anayetaka kutisha aendelee kutisha, lakini atafute kitu kingine cha kumvika bibi.

Vitabu vitakatifu siviweki kwenye fungu la hadithi za kubuni, mnanijua. Ila navisoma kama mwalimu wa fasihi, na nakiri vimeyatazama macho haya kwa makini kuliko filamu zetu zote. Katika Sura Yusuf tunaambiwa macho ya Nabii Yakubu yakawa meupe kwa huzuni. Tazameni: macho, mawili, na rangi iliyotajwa ni nyeupe; hapana neno giza. Kisha kanzu ya mwanawe ikawekwa usoni pake, akaona. Daktari wangu, aliye Mkristo, aliniambia huzuni haileti mtoto wa jicho. Nikamjibu kwamba hata kanzu haiponyi, ndiyo maana ikaitwa muujiza. Tukacheka, akanitia matone.

Wakatoliki mnacho Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti amelala uani, kinyesi cha ndege kikamdondokea machoni, utando mweupe ukaota. Akaenda kwa waganga, na kadiri walivyompaka dawa zao ndivyo utando ulivyozidi, hadi akapofuka, akakaa miaka minne. Sentensi hiyo ya waganga mngeiandika kwenye mlango wa kila duka la dawa za macho sokoni. Mkewe akafanya kazi ya kusuka ili wale, wakagombana kwa umaskini na kwa tuhuma, kama watu wa kweli wanavyogombana. Mwisho mwanawe Tobia akampaka nyongo ya samaki na kuubandua ule utando kuanzia kwenye pembe za macho. Maneno ya kwanza ya mzee yalikuwa kwamba anamwona mwanawe, nuru ya macho yake. Kama kinyesi cha ndege kinaweza kuleta mtoto wa jicho ni swali la daktari. Mtunzi aliona mambo ya nyumbani mwa mgonjwa, na hayo ameyapatia.

Na kuna Isaka, ambaye macho yake yalififia uzeeni. Biblia haisemi kwa ugonjwa gani. Anampapasa mwana aliyevaa ngozi za mbuzi mikononi na kusema sauti ni ya Yakobo, lakini mikono ni ya Esau. Hapo ndipo nilipolipata lile neno langu la ushahidi. Jicho limeondoka kizimbani, wamebaki sikio na mkono, na wanapingana. Mzee akauamini mkono. Akakosea.

Kosa la tatu ni bandeji. Mnaijua hiyo picha. Kijana amekaa kitandani, daktari anakunjua kitambaa taratibu, duru ya kwanza, duru ya pili, kijana anapepesa, anamtazama mchumba ambaye hajapata kumwona tangu azaliwe, anasema, "Wewe ni mzuri kuliko nilivyowaza."

Nawapa tukio la kweli la kuwekea pembeni. Mwaka 1728 mpasuaji wa London aitwaye William Cheselden alichapisha taarifa fupi kuhusu mvulana wa miaka kama 13, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, aliyezaliwa hivyo au kupofuka mapema mno kiasi cha kutokumbuka kuona. Alitofautisha mchana na usiku, na kwenye mwanga mkali aliijua nyeusi, nyeupe na nyekundu iliyokolea. Cheselden alimfungua jicho moja. Mvulana hakusema mtu yeyote ni mzuri. Alidhani kila anachokiona kinamgusa macho, kama vile kila alichowahi kukijua kilivyokuwa kikimgusa ngozi. Hakujua umbo la kitu chochote. Paka na mbwa wa nyumbani alikuwa amewapapasa maisha yake yote, lakini sasa anawatazama na hajui yupi ni yupi, na akaona haya kuuliza tena. Siku moja akamkamata paka, ambaye kwa mkono alimjua vizuri, akamshika huku akimkazia macho kwa muda mrefu, kisha akamweka chini na kumwambia kwamba safari nyingine atamtambua.

Mimi nikifika hapo kwenye simulizi hiyo huwa nafunga kitabu kwanza.

Na kuna picha. Miezi miwili baada ya upasuaji akagundua kwamba michoro ukutani ni sura za watu na vitu. Kabla ya hapo aliona madoa ya rangi tu. Akaenda kuigusa, akashangaa mkono unakuta ubao laini palipo na pua. Akauliza ni hisia ipi inayodanganya, kuona au kugusa? Wakamwonyesha picha ndogo ya baba yake ndani ya saa ya mama yake, akakiri sura inafanana, ila akataka kujua uso mkubwa vile umeingiaje katika nafasi ndogo vile. Jicho la pili lilikuja kupasuliwa baadaye, na vitu vikaonekana vikubwa kwa jicho hilo pia, ingawa si kama vilivyoonekana kwa la kwanza zile siku za mwanzo.

Jicho hufungua mlango tu. Anayeona ni ubongo, na ubongo unajifunza kuona utotoni au haujifunzi vizuri tena. Ndiyo sababu nawaomba ninyi mnaolea wajukuu: mkiona weupe ndani ya mboni ya kichanga, msimsubiri akue. Aliyezaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili anatakiwa apasuliwe ndani ya wiki chache za kwanza. Wengi wanaletwa wakiwa wameshaanza kutembea.

Kuna mganga mwingine wa karne hiyohiyo sitaki kumpa muda mwingi. John Taylor alizunguka Ulaya kwa gari la farasi na majigambo, akamchoma mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach macho mara mbili mwaka 1750, na Bach akafa Julai mwaka huohuo bila kurudishiwa macho. Miaka michache baadaye akamgusa na Handel, mtunzi mwingine wa muziki. Basi huyo.

Claude Monet ndiye ninayemwonea huruma ya jirani. Mchoraji, mtu ambaye kazi yake yote ni rangi, anaambiwa mwaka 1912 kwamba ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Akaogopa kisu miaka zaidi ya 10. Akawa anaandika majina kwenye mirija ya rangi na kuipanga kwa utaratibu uleule kila siku, achukue kwa kumbukumbu asichoweza kukipambanua kwa jicho. Nimeona nakala za picha zake za daraja la bustanini kwake Giverny. Lile la 1899 ni la kijani na buluu, unasikia ubaridi wa maji. Yale ya miaka ya 1920 yameungua: kahawia, nyekundu, manjano ya mkaa unaozimika, daraja hulioni mpaka uambiwe lipo. Wengine watasema ni mtindo. Huenda. Mimi naijua rangi hiyo, nimeishi ndani yake, ni rangi ya chai iliyokolea. Lenzi iliyochakaa huzuia buluu kwanza.

Rafiki yake Clemenceau, waziri mkuu mstaafu wa Ufaransa aliyesomea pia udaktari, alimsukuma mpaka akakubali. Mwaka 1923, Monet akiwa na miaka 82, daktari Charles Coutela alimpasua jicho la kulia, kwa awamu. Wakati huo hakuna lenzi ya kupandikiza: unatolewa yako, unapewa miwani mizito kama vitako vya chupa. Mara Monet alalamike anaona manjano mno, mara alalamike anaona buluu mno, akajaribu miwani ya rangi. Jicho la kushoto alikataa lisiguswe. Akafa nalo Desemba 1926. Yaani kwa miaka yake ya mwisho alikuwa na mashahidi wawili wanaopingana ndani ya kichwa kimoja, na akaendelea kuchora.

Lenzi ya kupandikiza ilitoka vitani. Rubani wa Uingereza mwaka 1940 alirushiwa vipande vya plastiki ya dari ya ndege ndani ya macho yake. Daktari Harold Ridley akaona kwamba vipande vile vimekaa tu, jicho halivikasirikii. Mwaka 1949 pale hospitali ya St Thomas', London, akaweka lenzi ya plastiki ya aina hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wakubwa wa fani wakamshambulia kwa miaka mingi. Uzeeni Ridley mwenyewe alipata mtoto wa jicho macho yote mawili, akapandikizwa lenzi zote mbili, palepale St Thomas'. Mwanafunzi wangu yeyote angeniletea mwisho huo kwenye insha, ningeandika pembeni: "Umelazimisha."

Sasa niingie kwenye yangu. Hospitali ya kwanza niliyokwenda, nisiyoitaja, mhudumu alinimulika akasema, "Mzee, mtoto bado hajakomaa. Rudi akikomaa." Nikarudi nyumbani kumsubiri akomae kama embe. Nimepoteza mwaka mzima hivyo. Shauri hilo lilikuwa na maana zamani. Kwa upasuaji wa siku hizi kipimo ni maisha yako: husomi, huvuki barabara, unaanguka ngazini, basi imetosha. Akikomaa kupita kiasi anakuwa mgumu, na kazi inakuwa ngumu pia.

Hospitali ya pili walipima sukari, presha, na urefu wa jicho kwa mashine ili kujua lenzi ya namba gani. Siku yenyewe unachomwa ganzi kando ya jicho, unafunikwa shuka lenye tundu, na uko macho. Nilidhani nitaona kisu. Niliona rangi, kama povu la sabuni juani, na nikasikia daktari na nesi wakizungumzia bei ya nyanya. Kesho yake bandeji ikatolewa, na kwa heshima ya watunzi wote niseme nilichokiona kwanza: kalenda ya mwaka uliopita ukutani na mende chini yake. Mchumba sikumwona. Alikuwa nje anagombana na mtu wa maegesho.

Hawapasui macho yote mawili siku moja kwa kawaida. Jicho likiingiwa na wadudu, libaki jingine. Kwa hiyo nilikaa miezi saba na jicho moja jipya na moja kuukuu, na naomba mnisikilize hapa, maana miezi ile saba ndiyo shule.

Kanzu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikaziba jicho jipya. Kanzu ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, kama nilivyoijua miaka mitatu. Nikaziba lile kuukuu. Nyeupe! Tena weupe wenye ubuluu kwa ndani, ule wa nguo iliyosuuzwa mara ya mwisho kwenye maji ya buluu ya kufulia. Nikaziba hili, nikaziba lile. Nilisimama pale mpaka mke wangu akaja kuuliza kama nimepatwa na kitu.

Miaka mitatu nilikuwa nikimwambia mama watoto kwamba anabana buluu. Kila Ijumaa. Nilimnunulia pakiti mbili kwa mpigo nikaziweka juu ya ndoo bila kusema neno, na ninyi mlio kwenye ndoa mnajua neno lisilosemwa lina uzito gani. Yeye akaongeza buluu, akaongeza tena, mpaka watu msikitini wakaniuliza kanzu yangu ya samawati nimeishonea wapi. Nikajua wananitania.

Shahidi alikuwa amerudi, akatoa ushahidi wake, na ulikuwa dhidi yangu.

Jicho la pili lilipopasuliwa nilikimbilia mlangoni tena kulinganisha. Hili nyeupe, lile nyeupe. Ile rangi ya chai haipo popote, nimejaribu hata kuikumbuka nikiwa nimefumba macho, haiji. Wametoka kukubaliana tena, hawa wawili, na safari hii nawaamini, ingawa hata safari ile niliwaamini.

Mama watoto hakusema kitu. Alinipa ndoo na pakiti ya buluu. Tangu siku hiyo kanzu nafua mwenyewe, na hii niliyovaa leo, mtakaa mniambie baada ya pilau, nadhani nimezidisha.